Baba Mdogo Anayetoka Majini

Msikilizaji wangu, jioni ya leo nakuomba tukae pamoja ukingoni mwa bwawa.

Bwawa lenyewe si kubwa, wala maji yake hayavutii. Ni ya kijani, mazito kwa tope. Ukitumbukiza mkono huvioni vidole. Ng'ambo limesimama banda la kuta za matofali na paa la vigae, pembe zake zimepinda juu kama omo ya jahazi. Kutoka ukingo wa paa hadi usawa wa maji limening'inia pazia la vipande vya mianzi. Tuko Hanoi, siku chache baada ya Tết, mwaka mpya wao, na manyunyu yanaanguka. Mvua hiyo hailowanishi mtu kwa ghafla, ila baada ya nusu saa unashangaa koti limekuwa zito. Watoto wamejazana ngazi za mbele. Ngoma inalia pigo moja, inanyamaza, inalia tena. Mara maji ya karibu na pazia yanatikisika, na chini ya mianzi anachomoza mtu.

Ni mtu wa mti, kimo chake hakizidi mkono wa mtu mzima. Tumbo nje, kifua wazi, nguo imefungwa kiunoni, kichwa kimenyolewa yakaachwa mafungu machache ya nywele, na uso mzima ni kicheko. Anateleza hadi katikati ya bwawa, anatugeukia, anainua mkono na kuanza kusema. Watoto wanamwitikia kwa sauti moja. Wanamwita chú Tễu.

Hapo kwenye jina nisimame kidogo. Chú, kwa Kivietnam, ni mdogo wake baba, yaani yule yule ambaye sisi tunamwita baba mdogo. Watu wazima hulitumia pia kumwita kijana kwa mapenzi. Tễu ni neno la kale lenye harufu ya kicheko. Wavietnam, kama sisi, hawapendi kumwita mtu kwa jina kavu, na wao wamefika mbali zaidi yetu. Hata “mimi” na “wewe” mara nyingi huachwa. Akisema na mzee, mtu hujiita mjukuu; akisema na mdogo wake, hujiita dada au kaka; na akikutana na asiyemjua njiani humkadiria umri kwanza, ndipo apate neno la kumwamkia. Kwa hiyo huyu wa mti anapotoka majini, mtoto wa miaka mitano ana undugu naye tayari. Ni baba mdogo yule anayeingia bila hodi, anayemtania bibi harusi, anayeweza kumsema mkubwa wa kijiji mbele ya kadamnasi na watu wakacheka. Ndiyo kazi yake tangu zamani: kufungua mchezo, kutambulisha wenzake, na kumchoma kidogo mwenye cheo aliyejisahau.

Na sisi tunamwitaje mtu wa namna hii? Kikaragosi. Neno lenyewe ni mgeni aliyezoea nyumba. Asili yake ni kwa Waturuki, katika mchezo wao wa vivuli ambao mhusika mkuu anaitwa Karagöz. Kwetu limepata doa. Ukimwita mtu kikaragosi umemtukana, umesema hana akili yake, yupo wa kumchezesha. Nakuomba kwa muda huu mfupi uliweke doa hilo kando. Wako watu ambao kwao kumchezesha mtu wa mti ni kazi ya heshima, inayorithiwa, inayoliwa kiapo.

Bwawa letu liko katika bustani ya Makumbusho ya Ethnolojia ya Vietnam, mtaa wa Nguyễn Văn Huyên, upande wa magharibi wa Hanoi. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1997, na jengo lake kuu limechukua umbo la ngoma za kale za shaba za Đông Sơn. Kazi yake ni kueleza maisha ya makabila 54 yanayotambuliwa nchini humo. Lakini nje ndiko kunakonivuta. Huko waliitwa wenyeji kutoka makwao, wakaja na ujuzi wao na kujenga nyumba zao wenyewe: Waede nyumba ndefu inayopita mita 40, inayopandwa kwa ngazi ya gogo; Wabana nyumba yao ya mikutano, paa limechongoka kwenda juu mita 19, utadhani tanga la jahazi limesimikwa msituni. Mkurugenzi wa kwanza, Nguyễn Văn Huy, ni mtoto wa msomi ambaye mtaa ule umepewa jina lake.

Mwaka 2006 makumbusho hayo hayo yalifungua maonyesho kuhusu miaka ya mgawo, kati ya 1975 na 1986, na watu wa kawaida wakaleta vitu vyao vya ndani: vitabu vya kuponi za chakula, baiskeli, mavazi. Lilikumbukwa pia tofali. Tofali tupu, lililowekwa na mtu kwenye foleni alfajiri limshikie nafasi. Msikilizaji uliyepanga foleni ya sukari na sabuni Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980 huhitaji kufafanuliwa. Nayasema haya kwa sababu yanaonyesha tabia ya nyumba ile. Wanamwita mwenye kitu, kisha wanasikiliza anavyokisema.

Sasa, kwa nini makumbusho yawe na bwawa? Kwa sababu mchezo huu hauwezi kuonyeshwa kwenye kabati la kioo. Jina lake ni múa rối nước. Múa ni kucheza, rối ni kikaragosi, nước ni maji. Mtoe majini yule baba mdogo, umsimamishe kwenye rafu na kibandiko cha maelezo miguuni: umebaki na gogo lililopakwa rangi. Hakuundwa kusimama pakavu. Uzito wake, nguo zake zilizochongwa bila mikunjo mingi, namna shingo ilivyokaa, vyote vimepimwa kwa kuelea.

Na neno hilo nước lina jambo. Ni maji, na ni nchi pia. Mvietnam akisema nchi yake, anasema maji yake. Ukitazama bonde la Mto Mwekundu, kule kaskazini ulikozaliwa mchezo huu, utaona hawakutia chumvi. Ardhi ni tambarare, chini, na mto hujaa wakati wa mvua za majira yao ya joto. Mtu akitaka kujenga nyumba huchimba udongo ili ainue kiwanja, na palipochimbwa pakabaki bwawa. Ndiyo maana kila kijiji kina mabwawa yake, na kubwa zaidi aghalabu liko mbele ya nyumba ya mikutano au ya hekalu. Kuzunguka kijiji ni majaruba hadi macho yanapokoma. Mkulima wa Mbarali au wa Mwea anayajua maisha hayo kwa miguu yake mwenyewe: kupandikiza mpunga umeinama, tope limefika magotini, ruba kwenye shavu la mguu. Watu wanaoshinda majini hivyo, walipotaka kucheza, walichezea wapi? Pale pale.

Walianza lini? Katika hekalu la Đọi, kusini ya Hanoi, kuna jiwe lililochongwa maandishi mwaka 1121. Jiwe linamsifu mfalme Lý Nhân Tông, na kati ya sifa hizo linaeleza sherehe moja: kobe wa dhahabu alitokea juu ya maji amebeba milima mitatu mgongoni, akaonyesha gamba lake, akatembeza miguu minne, akageuza macho kuutazama ukingo, akamwinamia mfalme. Wataalamu wanaosoma habari hiyo wanaona kikaragosi cha majini. Nikupe kipimo cha umri huo kwa kitu cha kwetu. Maandishi ya Kufi kwenye kibla ya msikiti wa Kizimkazi, kule Unguja, yana tarehe ya mwaka 1107. Mafundi hao wawili, wa Kizimkazi na wa Đọi, wangeweza kuwa wa rika moja.

Na kobe huyo hajaacha kutoka majini. Jioni ile ile nilimwona. Wavietnam wanasimulia kwamba Lê Lợi, aliyewafukuza watawala wa China wa ukoo wa Ming na kutawala kuanzia mwaka 1428, aliazimwa upanga kutoka chini ya maji. Vita vilipokwisha, alikuwa katika mtumbwi ziwani, kobe wa dhahabu akachomoza na kuudai. Ziwa lenyewe liko katikati ya Hanoi mpaka leo, linaitwa Hoàn Kiếm, ziwa la upanga uliorudishwa. Lilikuwa na kobe wa kweli, mkubwa ajabu, na wa mwisho alipokufa Januari 2016 mji mzima ulihuzunika. Kwenye bwawa la makumbusho, mfalme wa mti alisimama katika mtumbwi, kobe akaja polepole, kichwa tu juu ya maji. Mtoto aliyekaa mbele yangu alishika mdomo kwa mikono miwili. Hadithi anaijua vizuri kuliko mimi, na bado aliogopa kwamba safari hii upanga hautapokelewa.

Turudi kwenye mti. Vikaragosi hivi huchongwa kwa mti wanaouita sung. Ni jamii ya mkuyu, tena ndugu wa karibu kabisa: matunda yake hujishika kwenye shina na matawi manene kwa vishada, kama ya mkuyu wetu. Mchongaji wa Kimakonde angeushika mti huo na kuutilia shaka. Yeye amezoea mpingo, mti mgumu, mzito, ambao ukiutupa mtoni unazama kama jiwe. Sung ni mwepesi, mlaini chini ya patasi, haupasuki ovyo, na unaelea. Mchongaji huugawa mwili sehemu mbili. Ya juu ndiyo tunayoiona, mtu mwenyewe au mnyama. Ya chini imebaki kipande kipana cha mti kinachokaa ndani ya maji. Hicho ndicho kinachombeba, na humo ndimo mitambo yote inapofungwa.

Mti unaolowa kila siku ungeoza haraka. Hivyo hupakwa utomvu wa mti mwingine, sơn, tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likisuguliwa kabla ya jingine, na mwisho hutiwa rangi na vipande vya dhahabu au fedha vilivyofuliwa vyembamba kama ngozi ya kitunguu. Utomvu huo una ajabu mbili. Ya kwanza, hukauka vizuri penye unyevu. Hewa kavu haiufai, manyunyu ya Hanoi ndiyo dawa yake. Ya pili, ukiwa mbichi unawasha na kuvimbisha ngozi. Mama wa Mtwara au Lindi aliyewahi kubangua korosho kwa mkono anaujua muwasho wa aina hiyo, maana mafuta ya ganda la korosho humbabua vile vile. Na si kwa bahati. Mkorosho na mti wa sơn ni ukoo mmoja, pamoja na mwembe. Korosho zetu ghafi nyingi hupakiwa melini na kupelekwa Vietnam kubanguliwa, kwa hiyo muwasho wa ukoo ule umewafika pande zote mbili.

Na wachezaji? Hawaonekani. Wako nyuma ya pazia la mianzi, wamesimama majini hadi kiunoni. Wao wanatuona kupitia nafasi za mianzi, sisi hatuwaoni. Kila mmoja ameshika mti mrefu wa mianzi, mita tatu au nne, unaopita chini ya pazia na chini ya maji hadi kwenye kitako cha kikaragosi. Mwishoni pana kitu kama usukani wa kukigeuza, na kamba zinazorudi mkononi mwake za kuinua mkono, kutikisa kichwa, kufumbua mdomo. Kuna na namna nyingine, ya kamba ndefu zilizozungushwa kwenye vigingi vilivyopigwa chini ya bwawa. Hiyo hutumika watu wa mti wanapotoka kwa safu, kumi kwa mpigo, kama gwaride. Jaribu kufikiri uzito. Kikaragosi kimoja kinaweza kufika kilo tano, kiko mita tatu mbali na wewe, maji yanakivuta upande mmoja na wewe unataka upande mwingine, na mkono wake lazima uinuke sawa na pigo la ngoma. Tope lile nililoliona baya ndilo linaloificha miti na kamba. Maji yakiwa safi mchezo umekufa.

Siku ile hali ya hewa ilikuwa ya kukunja mikono kifuani. Siku hizi wachezaji huvaa suruali za mpira zilizoungana na buti. Wazee wao waliingia na nguo zao za kawaida, na kabla ya kuingia walikuwa wakinywa mchuzi wao wa samaki waliochachushwa, nước mắm, mkavu hivi hivi, ili mwili upate joto. Baridi yabisi ilikuwa mshahara wao wa uzeeni.

Kila kijiji chenye mchezo kilikuwa na chama chake, phường. Mtu hakuingia kwa kutaka tu. Alipimwa, aliapa, na kilichofungwa kwenye kitako cha kikaragosi hakukitamka nje ya chama, hata kwa mkewe. Baba alimfundisha mwanawe wa kiume. Binti alinyimwa, kwa kuwa angeolewa kijiji cha pili na siri ingekwenda naye kwenye sanduku la nguo. Kwa hiyo kijiji kimoja kilijua kumpandisha mbweha mtini, kingine kilijua kuwasha moto kinywani mwa joka, na majirani waliishi vizazi na vizazi wasijue mwenzao anafanyaje. Nauheshimu uaminifu huo, lakini bei yake ilikuwa kubwa. Vita vya kuanzia 1945 hadi 1975 vilichukua vijana, mabwawa yakanyamaza, na mzee aliyekufa bila mwana wa kumrithisha alizikwa na ujuzi wake. Leo wanawake wamo majini, kwenye majumba ya maonyesho ya mjini na kwenye baadhi ya vyama vya vijijini, na ningependa sana mabibi wa zamani wangeishi wakaona.

Nilitaja mbweha. Nikupe mchezo wake, maana ndio uliobaki machoni pangu. Bibi na babu wanachunga mabata. Wamo katika mtumbwi, bibi na fimbo ndefu, babu na kasia. Mabata kumi yanaogelea mbele yao, na hakuna anayeweza kuniambia kwamba yale ni magogo: yanazamisha vichwa, yanajitikisa, moja linachelewa na kukimbilia wenzake. Kwenye ukingo wa bandia kuna mti. Mbweha anatokea nyuma ya mti, anajificha, anatokea tena. Watoto wameshamwona na wanampigia bibi kelele. Bibi hasikii, ameelekea kwingine. Mbweha anajitupa majini, ngoma inakwenda mbio, na kabla hujajua lililotokea bata yuko mdomoni na mbweha yuko juu ya mti, amepanda shina zima mbele ya macho yetu. Bibi anachapa maji kwa fimbo, babu anachapa maji kwa kasia, mtumbwi unazunguka mahali pamoja, na maji yanaturukia sisi wa safu za mbele. Nilikuwa nimelowa tayari kwa manyunyu. Nililowa upya na kucheka kama wale watoto.

Angalia kinachochezwa hapo. Wizi wa bata. Kabla yake tulikuwa tumeona mkulima akilima na nyati wa kufugwa, wanawake wakipandikiza mpunga kwa safu, mvuvi mwenye tenga lisilo na kitako, lile la kufunika samaki penye maji machache, akikosea na kumfunika mwenzake kichwa. Yapo majoka pia, yenye kutema moto juu ya maji, cheche zikianguka na kuzimika kwa mlio, na yapo mandege ya kifalme yanayocheza mahaba hadi likatokea yai. Wageni huyapiga picha hayo zaidi. Mimi nadhani roho ya mchezo iko kwa mabata. Watu hawa walichukua hasara ndogo ndogo za mwaka, mbweha, mafuriko, samaki aliyeponyoka, wakazirudisha kwenye maji yale yale, mavuno yakiwa ghalani, wakazicheka na majirani zao.

Ndiyo maana nina neno na yanayotokea sasa. Mwaka 1984 kikundi cha vikaragosi vya majini kilipelekwa Ufaransa, watu wa Paris wakastaajabu, na toka hapo mchezo umetembea dunia nzima na bwawa la kubebwa. Mjini Hanoi, kando ya ziwa la Hoàn Kiếm, jumba la Thăng Long, lililoanzishwa mwaka 1969, linaonyesha kila siku, mara kadhaa kwa siku. Wachezaji wake ni mahodari. Taa zinabadilika rangi, muziki umepangwa, kila kitu kinaanza na kwisha kwa dakika. Nimekaa humo na nimefurahi, na nawashukuru, kwa sababu bila majumba ya namna hiyo huenda mchezo ungebaki kwenye jiwe la 1121 tu. Ila humo chú Tễu husema mbele ya watu ambao wengi wao hawajui lugha yake, na utani wake umepungua mpaka umebaki salamu. Baba mdogo asiye na wa kumtania amebaki mapambo.

Bwawa la makumbusho lina utaratibu mwingine. Hapo huitwa vyama vya vijijini, kwa zamu, kutoka mikoa ya bonde lile. Wanakuja na vikaragosi vyao, ngoma zao, waimbaji wao wa chèo, maigizo ya jadi ya kuimba, na makosa yao. Naam, makosa. Jioni ile kamba ilikwama na bata mmoja akabaki akizunguka peke yake wenzake wakiwa wameshaingia ndani. Mpiga ngoma, bila kusita, akaanza kumsemesha: kijana aliyenifuata kunitafsiria aliniambia anamuuliza bata kama amesahau kwao. Ukingo mzima ukaangua kicheko. Bata akavutwa taratibu, kinyumenyume, hadi chini ya pazia. Kwenye jumba la mjini lingekuwa tukio la kuombea radhi.

Nilikuwa nikifikiri, nikiwa pale, juu ya Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam, nyumba zake za makabila na ngoma zinazopigwa uwanjani. Wazo ni lile lile na ni jema. Ninachotamani ni mwaliko wa aina ile ya Hanoi: basi liende hadi kijijini, lirudi na wenye ngoma wenyewe, wazee kwa vijana, wakae siku zao, wapige kama wanavyopiga kwao, na mpiga ngoma awe na ruhusa ya kumsema bata.

Mchezo ulipokwisha pazia lilifunuliwa na wachezaji wakatoka majini mstari mmoja, wameshikana mabega, maji yakiwachuruzika. Niliowadhania vijana walikuwa na mvi. Mikono yao ilikuwa ya wakulima, na ndivyo walivyo. Msimu wa kupandikiza ulikuwa umewadia na jioni hiyo hiyo walikuwa wakirudi kijijini. Watazamaji waliwapigia makofi kisha wakaondoka mbio, manyunyu yalikuwa yamegeuka mvua.

Mimi nilizunguka nyuma ya banda. Vikaragosi vilikuwa vimepangwa chini ya upenu, vimelala ubavu, na mzee mmoja alikuwa akivifuta kimoja kimoja kwa kitambaa cha pamba, masikioni, makwapani, kama mtu anayemkausha mtoto aliyetoka kuoga. Kijana wangu alinifundisha nimwamkie bác, baba mkubwa. Nilimwamkia. Akacheka kwa matamshi yangu, akanipa chú Tễu nimshike.

Alikuwa mzito kuliko nilivyotazamia, mti umekunywa maji. Rangi ya shavu moja ilikuwa imebanduka na chini yake yakaonekana matabaka ya utomvu, jeusi, jekundu, jeusi. Alinukia bwawa. Nilimgeuza mbele na nyuma, nikamwona kovu begani lililozibwa kwa ustadi, kisha, bila kufikiri, nikaanza kumpindua nione kitako kilivyofungwa.

Mkono wa mzee ulifika kabla ya macho yangu. Hakunikaripia. Alimchukua polepole, akaugeuza upande wa chini ukaelekea tumboni mwake, akaendelea kufuta huku akinisemesha habari za mvua, kwamba mwaka huu imekuja vizuri kwa miche. Alipomaliza alimviringisha kwenye gunia, baba mkubwa akamtia baba mdogo kwapani, akaenda kwenye gari.